Kabla Hujawasha Projekta, Waulize Kwanza

Juzi usiku nilipata ujumbe wa mwalimu kijana aliyeajiriwa karibuni kufundisha fizikia. "Shikamoo mwalimu. Naomba orodha ya programu zote nzuri za kufundishia, shule yetu imepata projekta na sitaki ikae stoo. Muhula huu naanza na mada ya mwanga." Marahaba, mdogo wangu. Umenifurahisha, maana projekta zinazolala stoo nazifahamu vizuri. Lakini orodha sitakupa. Nitakusimulia kipindi kimoja.

Nilikuwa na kidato cha tatu, mada ya umeme. Kanuni ya Ohm waliijua kwa kichwa. Uwape volti na ukinzani, mkondo wanakutafutia bila kusita. Ila uliza swali hili: mkondo ukishapita kwenye balbu, unabaki vilevile au unapungua? Karibu darasa zima litakwambia unapungua, kwa kuwa balbu imeshautumia. Mtoto anaweza kufaulu mtihani huku imani hiyo imekaa kichwani salama kabisa. Nilichora sakiti ubaoni, nikaeleza kwa Kiingereza, nikarudia kwa Kiswahili. Wakaitikia "ndiyo mwalimu." Kesho yake jibu ni lilelile.

Ndipo nikaijua PhET, mkusanyo wa simulesheni, yaani majaribio ya kuigiza kwenye kompyuta, za sayansi na hisabati ulioanzishwa mwaka 2002 na Carl Wieman, aliyepata Nobel ya fizikia mwaka 2001, katika Chuo Kikuu cha Colorado Boulder. Ni za bure, na unaweza kuzipakua ukazitumia bila intaneti. Hilo la mwisho ndilo lililoniokoa. Nilizipakua nyumbani kwa bando langu, kwenye laptopu niliyoinunua kwa mkopo, nikaenda nayo darasani.

Sikuwasha kitu kwanza. Nilichora sakiti ubaoni, betri na balbu, nikauliza swali lile. Wanaosema unapungua, mikono juu. Msitu wa mikono. Wanaosema unabaki vilevile? Wachache, tena kwa woga. Nikawataka kila mmoja aandike jibu lake kwenye daftari pamoja na sababu. Baada ya hapo ndipo nikafungua simulesheni ya kujenga sakiti na kufunga swichi.

Viduara vya buluu, ndizo elektroni, vikaanza kutembea kwenye waya: mwendo uleule kabla ya balbu na baada ya balbu. Darasa likanyamaza. Nikaweka ameta, kile kifaa cha kupimia mkondo, upande huu, nyingine upande wa pili, namba zikalingana. Binti mmoja wa nyuma, ambaye kwa kawaida hata jina lake hulitamka kwa sauti ya chini, akasimama: "Sasa mwalimu, kama mkondo haupungui, betri inaisha kwa sababu gani?" Swali hilo nililisubiri kwa miaka. Kipindi kilichobaki chote tulizungumzia nishati. Mwingine akauliza mbona elektroni zinakwenda kinyume na mishale ya kwenye kitabu, nikabonyeza kitufe cha mkondo wa kawaida, ule unaohesabiwa kutoka chanya kwenda hasi, viduara vikageuka mishale inayokwenda upande wa pili, wakaelewa tofauti ambayo ubaoni ilikuwa inanishinda kuionyesha.

Kipindi kilichofuata tulifunga sakiti halisi kwa betri za tochi. Usiliache hilo. Kioo cha kompyuta hakichukui nafasi ya waya na ameta mkononi mwa mwanafunzi.

Wapo ambao hawakupendezwa. Kwenye kikao cha walimu mmoja wetu alisema mimi nawaonyesha watoto sinema badala ya kumaliza silabasi. Watu wakacheka. Aliyesema hajawahi kuingia darasani kwangu hata siku moja, na hadi leo nikikumbuka kile kicheko moyo unauma. Nakwambia haya ujiandae, kwa sababu na wewe watakusema. Wajibu kwa madaftari ya wanafunzi wako.

Basi unachopaswa kushika ni hiki: waulize kabla ya kuonyesha. Mwanafunzi aliyekwisha kuandika jibu lake ana jambo la kutetea, anatazama kwa macho mawili. Asiyeulizwa anaangalia rangi tu. Walimu tunapenda mno kubonyeza, tunapenda watoto washangae, na mshangao usio na swali unaisha kengele ikilia. Kwa hiyo waulize kwanza. Na pakua mapema, kamwe usitegemee mtandao wa siku hiyo. Umeme ukikatika, betri ya laptopu iwe imejaa na swali liwe limeshaandikwa ubaoni.

Kama shule yenu ina chumba cha kompyuta kisicho na intaneti, tafuta Kolibri, programu ya kusomea bila intaneti. Kompyuta moja inabeba masomo, nyingine zinayapata kwa Wi-Fi ya ndani, na humo utazikuta pia simulesheni za PhET na video za masomo za Khan Academy. Wanafunzi wetu hawaruhusiwi simu shuleni, hivyo njia hiyo inawafaa kuliko kuwatumia viungo wasivyoweza kuvifungua.

Umesema muhula huu unaanza na mwanga. Pakua ile simulesheni ya PhET ya kupinda kwa mwanga, na mezani weka glasi ya maji na penseli. Kabla hujagusa laptopu, wape daftari wachore mwale utaelekea wapi ukitoka hewani kuingia majini, na kwa nini. Kisha niandikie, unieleze walichora nini.