Uanachama wa maisha wa ukumbi wa ndege: kabla hujatoa hela

Naishi Dallas na kazi yangu ni ya kupanda na kushuka ndege, ndiyo maana Watanzania wenzangu wa hapa huniuliza: nikipata ofa ya uanachama wa maisha kwenye ukumbi wa mapumziko wa shirika la ndege, ninunue? Wengi wao huwa nawajibu hapana, ingawa mwenyewe nazipenda sana kumbi hizo.

Muuzaji atakupa hesabu rahisi. Ukiuziwa kwa dola 8,000 na ada ya mwaka ni 800, baada ya miaka 10 unakaa bure. Sawa, lakini je, hiyo ada ungeilipa miaka yote kumi? Anayeingia mara chache, akanywa kahawa na kula vipande vya jibini, atatumia hela kidogo zaidi akinunua chakula kule nje.

Halafu kuna uhai wa shirika lenyewe. Pan Am, shirika la ndege la Marekani, ilikuwa kubwa kuliko wengi wanavyokumbuka, ikafa Desemba 1991. TWA, shirika jingine la huko, ikamezwa na American Airlines mwaka 2001. Hata shirika likibaki hai, masharti ni yake. American ilianza kuuza pasi ya kusafiri iitwayo AAirpass mwaka 1981, na kwa dola 250,000 ungeweza kuruka daraja la kwanza maisha yako yote. Baadhi ya wanunuzi waliruka kweli, tena kupita kiasi. Shirika likaona hasara, likawachunguza, na mwaka 2008 likawafutia baadhi yao pasi hizo kwa madai ya kukiuka mkataba. Walioumizwa ni wale walioitumia hasa.

Kwa hiyo soma masharti kwa jicho la wakili. Wageni wangapi unaruhusiwa? Watoto je? Lazima uwe na tiketi ya siku hiyo ya shirika hilo au washirika wake? Kwa sisi tunaorudi nyumbani kupitia Doha, Istanbul au Addis Ababa, kadi ya shirika la Marekani mara nyingi hukufaa mwanzo wa safari tu, wakati saa ndefu za kusubiri ziko kule katikati. Na ukikatiwa tiketi ya daraja la biashara, kwa kawaida ukumbi umo humo humo.

Niliyemwambia anunue ni dada mmoja mkaguzi wa mahesabu: kila wiki yuko angani, shirika lile lile, mwajiri halipii ukumbi, na hana mpango wa kuhama mji. Hata yeye nilimwambia alipe kwanza ada ya mwaka mmoja, aandike kila anapoingia.