Kabla Hujazima Gari, Tazama Mtandao

Tulitoka Msimbati, ufukweni Mtwara, saa moja asubuhi, na simu yangu ilikaa kimya mpaka tulipokaribia Madimba. Hapo ikaanza kulia. Meseji kumi na moja ziliingia mfululizo, zote za usiku uliopita, zote za mdogo wangu aliyeko Masasi. Ya kwanza ilisema presha ya mama imepanda. Ya mwisho, ya saa nane usiku, ilisema: "Tumefika hospitali, wamempokea. Dada uko wapi?"

Nilikuwa nimelala kwenye mchanga mweupe wa Msimbati, hatua chache kutoka majini, nikisikiliza bahari na kumshukuru Mungu kwa utulivu. Mama alipona, alhamdulillahi. Lakini usiku ule ambao wadogo zangu walihangaika kutafuta gari na pesa ya hospitali, huku mimi mkubwa wao sipatikani, mpaka leo unaniuma. Ndiyo maana naandika haya.

Mimi na mume wangu tuna Hiace tuliyoing'oa viti na kuigeuza nyumba: kitanda cha mbao, makabati pembeni, mtungi mdogo wa gesi, tangi la maji, betri ya pili na sola juu ya paa. Watu wanaiita gari la kulala. Tumeshalala nayo Mikindani, Kilwa Masoko, Newala na Rondo, na kila tukijiandaa kuondoka hakosi mtu wa kutuambia: "Si mnakwenda kupumzika? Mtandao wa nini tena?"

Kwangu mimi mtandao ndio unaonipa ruhusa ya kutoka nyumbani. Nafunga hesabu za maduka mawili ya pembejeo, na kipindi cha kupulizia salfa kwenye mikorosho mwenye duka hawezi kusubiri nirudi safari. Ukifika msimu wa mnada, korosho zinauzwa kwa mfumo wa kielektroniki wa TMX, soko la bidhaa la Tanzania, na bei ya siku inazunguka kwenye makundi ya WhatsApp kabla jua halijazama. Wateja wetu wanaamua walipe madeni leo au wangoje kidogo kwa kutazama bei hiyo. Nikipata mtandao saa mbili asubuhi na saa moja jioni, naweza kukaa ufukweni wiki nzima. Nikiukosa, safari inaisha siku ya pili.

Kosa letu la Msimbati lilikuwa hili: tulifika giza limeshaingia, tukachagua mahali kwa uzuri wake, tukazima gari, tukatandika mkeka. Hakuna aliyetazama simu. Siku hizi gari halizimwi mpaka tumepiga simu moja na kufungua ukurasa mmoja wa intaneti. Vile vimistari vya juu ya skrini usiviamini peke yake, maana vinaweza kujaa ilhali mnara umeelemewa na watu. Kwenye simu nyingi za Android, ingia kwenye mipangilio, tafuta sehemu ya kuhusu simu, kisha hali ya laini, utakuta nguvu ya mawimbi imeandikwa kwa namba yenye alama ya kutoa. Kwa 4G, hasi 80 ni neema. Hasi 100 utavumilia. Ikifika hasi 115, washa gari mwende mbele.

Na kabla hujafika huko, kuna mtu wa kumuuliza, naye namwamini kuliko ramani yoyote ya minara. Ni wakala wa pesa za simu. Kibanda chake kinaishi kwa mtandao. Ukikatika, watoto wake hawali. Anajua laini ipi inashika, ipi inasumbua jioni, na mahali hasa pa kusimama. Tuliporudi Msimbati mara ya pili, kijana mmoja wa kibandani alitunyooshea kidole: "Dada, huko chini hamtapata kitu. Pandeni mpaka kwenye ule mwembe, pale laini zote zinashika." Ni mwendo wa dakika tatu kutoka pale tulipolala mara ya kwanza. Dakika tatu tu! Usiku huo nilizungumza na mama mpaka yeye mwenyewe akaniambia nikalale.

Ukishamuuliza wakala, pita na kwa mwenyekiti wa kijiji ujitambulishe. Vijiji vya huku viko karibu na mpaka wa Msumbiji, na gari geni linalolala pembezoni linazua maswali. Tena mwenyekiti akijua mlipo, simu zenu zikizima zote bado kuna mtu anayeweza kutumwa kuja kuwaamsha.

Ardhi ya kusini ina tabia zake. Mikindani imezungukwa na vilima, na ukilala chini kabisa karibu na maji, kilima kinachokukinga upepo kinakukinga na mnara pia. Newala ni kinyume chake: mji umekaa ukingoni mwa Uwanda wa Makonde, na ukisimama Shimo la Mungu bonde la Ruvuma lote liko chini yako. Pale sijawahi kuhangaika. Rondo kuna msitu, na majani yaliyolowa mvua hunyonya mawimbi. Asubuhi baada ya mvua nimewahi kupoteza laini ambayo jioni iliyotangulia ilikuwa inashika.

Jambo jingine ambalo wengi hawaambiwi dukani ni masafa. Mawimbi ya masafa ya chini, kama megahezi 700 na 800, hufika mbali na kupenya vizuri kuliko yale ya 1800 au 2100. Ndiyo sababu unaweza kukuta simu mbili juu ya mkeka mmoja, laini za kampuni moja, hii ina 4G na ile imekufa: ile iliyokufa haikutengenezwa kupokea masafa ya mnara uliopo. Ukinunua simu au ruta, kile kifaa cha kusambaza intaneti, kwa ajili ya safari, muulize muuzaji inashika masafa gani. Akishindwa kujibu, nenda duka la pili.

Bodi ya gari ni bati, na bati huziba mawimbi. Ruta iliyofichwa kabatini ni kazi bure. Yetu tunaifunga kwenye mti wa mwanzi, ndani ya boksi la plastiki, kwenye kivuli, kwa sababu jua la saa saba la Mtwara linaizima. Kuipandisha mita tatu tu kuliwahi kututoa hasi 112 hadi hasi 98, na hesabu zangu zikaondoka. Vile vifaa vya kukuza mawimbi vinavyouzwa mitandaoni, usinunue kabla hujauliza TCRA, mamlaka ya mawasiliano. Kifaa kisichoidhinishwa kinaweza kuvuruga mawasiliano ya kijiji kizima, na wenyeji waliokukaribisha hawastahili hilo.

Umeme nitausema kwa kifupi. Ruta ndogo hula kama wati 10. Kwa saa kumi ni wati-saa 100. Betri ya volti 12 yenye ampea-saa 100 ina wati-saa 1200, lakini kama ni ya asidi usivuke nusu yake, vinginevyo utaiua mapema. Kwa hiyo ruta haikumalizi. Kinachokumaliza ni inveta, kile kifaa cha kugeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani, ambayo inakula hata ikiwa haifanyi kazi kubwa. Tafuta waya wa kuchaji ruta moja kwa moja kutoka kwenye betri. Na kivuli cha mkorosho, kitamu kama kilivyo, sola haikipendi; sisi tunaegesha gari juani na kukaa wenyewe kivulini.

Mkielekea Kilambo kwenye kivuko cha Ruvuma, zimeni romingi, yaani ruhusa ya simu kutumia mtandao wa nchi nyingine. Simu yangu iliwahi kudaka mnara wa Msumbiji bila kuniambia, na salio la wiki likaondoka kwa asubuhi moja. Nilishtuka baada ya kuona saa ya simu imerudi nyuma saa nzima, maana Msumbiji wako nyuma yetu kwa saa moja. Ingia kwenye mipangilio, chagua mtandao wako kwa mkono, acha simu isijichagulie.

Sasa niseme la Mei 2024, maana mwezi huo ulinifundisha pande zote mbili. Mwanzoni mwake tulikuwa Kilwa Masoko tukijiandaa kwenda Dar es Salaam. Tahadhari ya TMA, mamlaka ya hali ya hewa, kuhusu kimbunga Hidaya ikaingia kwenye simu, tukaondoka ufukweni na kujisogeza Nangurukuru. Kimbunga kilifika Mafia tarehe 4. Mvua zilizofuata zikaikata barabara kuu maeneo ya Somanga, na picha za madereva waliokwama zikatufikia kabla hatujawasha gari. Tukageuza kurudi kusini. Bila zile picha tungekwenda kulala kwenye foleni na watoto, chakula cha siku moja garini.

Wiki moja baadaye, tarehe 12, tukiwa Lindi, intaneti ikadidimia karibu nchi nzima. Nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikuwa zimekatika kusini mwa bara la Afrika. Mimi niliyejivunia kuwa na laini mbili za kampuni mbili, zote zikalala pamoja. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba laini mbili zinakuokoa mnara mmoja ukianguka, lakini kampuni tofauti zinaweza kuwa zinategemea njia moja ya kwenda nje. Simu za kawaida na meseji kwangu viliendelea. Nilituma jumla za mauzo kwa meseji, namba tupu, na mwenye duka akaridhika. Pesa nilituma kwa kupiga menyu ya nyota, ambayo haihitaji intaneti.

Tangu hapo nina daftari dogo ndani ya gari lenye namba za simu za familia, fundi na kituo cha afya kilicho karibu. Ramani ya mikoa ya Mtwara na Lindi nimeipakua ikae ndani ya simu. Na malipo nayafanya mapema. Ukitaka kuingia Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, utapewa kumbukumbu namba ya malipo, na kulipa kunataka simu inayoshika. Malizana nayo ukiwa bado Mtwara mjini, pamoja na kununua bando. Usimwache mhifadhi amesimama juani akikusubiri upungie simu hewani.

Na waambie watu wako mtalala wapi na mtapatikana saa ngapi. Mdogo wangu ana jina la kijiji, namba ya mwenyekiti na namba ya mume wangu kila tunapohama. Saa mbili usiku mama hupiga yeye mwenyewe. Hata salamu haanzi nayo siku hizi. Anauliza kwanza: "Mwanangu, leo mmelala kwenye mtandao?" Nikimjibu ndiyo, ananisimulia habari za kuku wake, mmoja mmoja.