Mwanangu, usigeuze majibu ya jaribio lako

Juzi nimepata ujumbe kutoka kwa binti wa kidato cha pili. "Shikamoo mwalimu. Nimepanda maharage kwenye makopo kwa ajili ya maonyesho ya sayansi. Yenye mbolea ya kuku yamekuwa ya njano na kudumaa, yasiyo na mbolea yamestawi. Naambiwa nigeuze jedwali ionekane mbolea imesaidia. Nifanyeje?"

Marahaba, mwanangu. Usiguse hata tarakimu moja.

Jambo hili lilinipata nikiwa na umri kama wako, na mpaka leo linaniuma. Tulikuwa kwenye praktiko ya baiolojia, lile jaribio la kuonyesha kuwa jani linahitaji mwanga ili litengeneze wanga. Unafunika sehemu ya jani kwa karatasi nyeusi, mmea unakaa juani, kisha unachuma jani, unalichemsha kwenye maji, unalitia kwenye spiriti ya moto mpaka ukijani wote utoke, halafu unalidondoshea iodini. Kitabu kilisema palipopata mwanga patakuwa bluu-nyeusi, na palipofunikwa patabaki na rangi ya kahawia ya iodini. Jani langu likawa bluu-nyeusi lote. Nikaandika nilichokiona. Daftari likarudi na kosa la wino mwekundu na maneno "Soma kitabu!" Wenzangu waliochora jani la kitabuni wakapata vyema.

Sikukubali. Mche ule ulikuwa umeshinda juani kabla hatujaufunika, kwa hiyo jani lilikuwa na akiba ya wanga tayari. Nikaomba mche mwingine, nikaufungia stoo gizani siku mbili ili akiba iishe, ndipo nikafunika jani na kuutoa nje. Safari hii ukanda wa karatasi ukaonekana wazi, kahawia katikati ya bluu-nyeusi. Kitabu kilisema kweli, na daftari langu nalo lilisema kweli. Lile kosa jekundu hakuna aliyelifuta, lakini ndilo lililonifanya mwalimu wa sayansi, na najivunia.

Sasa litazame jaribio lenyewe: jani moja, mche mmoja, maji yale yale, joto lile lile. Kilichotofautiana ni mwanga tu. Ukibadilisha vitu viwili kwa pamoja, hutajua kipi kimeleta matokeo.

Na usidhani yaliyonipata ni yangu peke yangu. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, mwanafunzi wa shule ya sekondari ya Magamba, alitia friza mchanganyiko wa aiskrimu ukiwa bado wa moto, ukaganda kabla ya ule wa mwenzake ambao haukuchemshwa. Mwalimu wake akamwambia amechanganyikiwa. Baadaye akamuuliza Dk. Denis Osborne, mwalimu wa fizikia kutoka chuo kikuu cha Dar es Salaam, wanafunzi wenzake wakacheka, lakini Osborne akaenda kulijaribu, na mwaka 1969 makala yao ya pamoja ikachapishwa. Wanasayansi wanabishana hadi leo kama kweli maji ya moto huweza kuganda kabla ya ya baridi, kwa kuwa vya kudhibiti ni vingi: umbo la chombo, maji yanayopotea kwa mvuke, barafu iliyo chini ya chombo, hata mahali kipimajoto kilipowekwa.

Vijana, mnataka medali, najua. Lakini medali ya jedwali la kughushi itakufaa nini jaji akikuuliza swali la pili? Andika ulichokiona. Badilisha kitu kimoja. Andika ulichokiona, narudia, hata kama anayekukataza ana chaki mkononi.

Binti yangu, mbolea ya kuku ikiwa mbichi huunguza miche. Huenda umegundua hilo, nalo linapimika. Chukua makopo ya ukubwa mmoja, udongo wa shimo moja, mbegu za mfuko mmoja. Matano yatie mbolea mbichi, matano mbolea iliyooza vizuri kwa kipimo kile kile, matano yaache bila kitu. Yapange dirisha moja, yamwagilie kwa kikombe kimoja, na upime urefu kila asubuhi kabla ya kengele.