Dawa ya kuzuia magugu kabla hayajaota
Dada wa Tabora, umeuliza kama upige dawa ya kuzuia magugu kwenye bustani ya uani mvua za Novemba zikianza. Piga, ila ujue dawa hizi, kama pendimethalini, hukamata mbegu inapochipua tu. Gugu lililokwisha kutoa majani halishtuki. Kwa hiyo palilia kwanza, lainisha udongo, piga dawa udongo ukiwa na unyevu, kisha usiuchimbechimbe tena. Ndago usiitegemee kufa: vile viazi vyake vyeusi huko chini vitachipua vilevile, ni kung'oa tu. Tuta la kusia mchicha liruke kabisa, dawa itakamata na mbegu za mchicha. Na wakikuuzia atrazini dukani, hiyo ni ya mahindi, maharage yataungua.