Maswali ya Wasomaji: "Babu, Nimekufa Mara Tatu Leo"

SWALI: Mhariri, salaam. Mimi ni mwalimu mstaafu, ninaishi Sakina hapa Arusha pamoja na mjukuu wangu wa darasa la sita, ambaye kila akirudi kutoka kwenye kibanda cha gemu kilicho jirani na kwetu hunisimulia yaliyompata huko. Juzi aliingia ndani akaniambia: "Babu, nimekufa mara tatu leo, halafu nikakufa tena kwenye ile gemu mpya." Nilimkatiza nikamwambia kwamba hicho si Kiswahili, naye akaniuliza kwa adabu amekosea wapi. Ninakiri kwamba pamoja na miaka yote niliyoshika chaki sikuwa na jibu la haraka. Je, mtu aliye hai anaweza kusema "nimekufa"? Na tuseme gemu hii, gemu hili, au tuwafundishe kusema mchezo?
Mwalimu mstaafu, Sakina, Arusha

JIBU: Shikamoo Mwalimu. Mjukuu wako amekosea mahali pamoja tu, na ninahisi si mahali palipokuudhi.

Tuanze na "nimekufa". Kiambishi -me- huonyesha tendo lililokwisha kutendeka na ambalo hali yake ingali ipo: mtu "ameketi" kwa sababu bado yuko kitini, na "amelala" kwa sababu hajaamka. Kwa mujibu wa kanuni hiyo, nafsi ya kwanza ya kitenzi "kufa" ilikuwa kama chumba kilichojengwa ndani ya nyumba kisha kikakosa mpangaji, kwa kuwa sarufi inaruhusu kitamkwe, lakini mwenye haki ya kukitamka hana tena kinywa. Tulikuwa tukikiazima kwa kutia chumvi tu, kama mtu anaposema amekufa kwa kicheko. Vibanda vya gemu ndivyo vilivyokipatia chumba hicho mpangaji wa kudumu. Mtoto ambaye mhusika wake ameanguka, skrini imekuwa nyeusi na pedi ya kuchezea bado imo mkononi, hawezi kusema "nilikufa", kwa maana hiyo ni kauli ya kusimulia kesho yake, wala "ninakufa", kwa maana hiyo ilimfaa sekunde tatu kabla. Kilichobaki ni "nimekufa", na amekitumia ipasavyo. Tena -me- huhesabu mambo ambayo mtu ameyapitia hadi sasa, kwa hiyo "nimekufa mara tatu leo" ni sahihi kama ilivyo sahihi "nimekula mara tatu leo".

Kosa liko kwenye "nikakufa". Vitenzi kama kufa, kula, kuja na kunywa vina mzizi wa silabi moja, na hapo ndipo matatizo yanapoanzia. Mkazo wa neno la Kiswahili huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, lakini viambishi vya wakati -na-, -li-, -me- na -ta- havikubali kuubeba. Tungesema "nimefa", mkazo ungeiangukia -me-, nayo ingeukataa; kwa sababu hiyo ile ku- ya kitenzi-jina hubakizwa ili iubebe, tukapata ni-me-KU-fa. Viambishi -ka- na -ki-, kwa upande wao, vina mabega ya kutosha na havihitaji msaidizi, kwa hiyo ku- huondoka: nikafa, nikifa. Kiambishi -ja- cha kukanusha kina nguvu hiyo hiyo, na ndiyo maana Kiswahili sanifu ni "sijafa", hata kama benchi zima la kibanda hicho linapiga kelele "sijakufa bado". Mjukuu wako alipaswa kusema: "Nimekufa mara tatu leo, halafu nikafa tena."

Akikubishia, mpe mtego huu. Mwulize kama ile ku- iliyomo ndani ya "sikufa" ni ile ile iliyomo ndani ya "nimekufa". Atasema ndiyo, na atakuwa amekosa. Katika "nimekufa" ku- ni ya kitenzi-jina, lakini katika "sikufa" ku- ni kiambishi cha kukanusha wakati uliopita, sawa na ile ya "sikucheza" au "sikushinda". Ku- ya kitenzi-jina imeshaondoka kimya kimya, na hakuna aliyeona ikitoka kwa sababu mwenzake wa sura moja alikuwa amekaa kwenye kiti chake.

Kuhusu gemu, nitakuwa na msimamo: gemu hii, gemu hizi. Maneno ya kigeni yasiyo na silabi ya kwanza inayofanana na kiambishi chetu cha ngeli kwa kawaida huingia ngeli ya i-zi, kama redio, kompyuta na programu. Yanayoingia kwingine mara nyingi ni yale ambayo masikio yetu yamesikia kiambishi mahali ambapo hakikuwapo. Kitabu ni neno la Kiarabu ambalo ki- yake ni sehemu ya mzizi, lakini sisi tumepata vitabu. Madereva waliambiwa kwa Kiingereza washike upande wa kushoto, wakapata kipilefti, na Arusha yetu ina vipilefti. Bamba la kuzuia matope kwenye gari liliitwa madigadi, kisha mtu akaona ma- ya wingi hapo mwanzo, na tangu hapo likiwa moja ni digadi. Gemu haina mtego wa aina hiyo. Ninajua kwamba wapo wanaosema "magemu", kama wapo wanaosema "gari imeharibika" wakati kamusi inataka "gari limeharibika", na sitawapeleka mahakamani, ila katika maandishi ningebaki na gemu hizi.

Kuwalazimisha watoto waseme "mchezo" ninakuona ni kazi isiyo na tija. Neno mchezo limekwisha kulemewa: kuna mchezo wa mpira, kuna mchezo wa kuigiza redioni, na kuna mchezo ambao akina mama wanachangishana fedha na kupokezana kila mwezi, kiasi kwamba nilipokuwa mdogo niliamini mama yangu alikuwa mchezaji. Gemu nayo imeanza kubebeshwa mizigo, kwa maana wasanii wa muziki husema wako "kwenye gemu" kwa miaka kumi, lakini bado ina nafasi.

Jambo moja ambalo hukuliuliza, na ninalipenda mno kuliacha: msikilize mjukuu anavyowataja viumbe wa kwenye skrini. Zombi "amekufa", kamwe si "imekufa", hata kama kwa umbo zombi ni neno la ngeli ya i-zi. Ni sheria ile ile inayotufanya tuseme kiboko huyu na kifaru huyu licha ya ki- yao: chenye uhai huchukua upatanisho wa a-wa. Roboti ndiye anayenitatiza. Ningesema "roboti hii imeharibika" kwa ile iliyoko kiwandani, na "roboti huyu ananifukuza" kwa yule wa kwenye gemu, na sioni haya kuwa na sheria mbili.

SWALI: Habari za kazi, kaka. Nina miaka 22 na ninaendesha kibanda cha gemu Majengo, Moshi. Nina mashine za PlayStation: PS3 mbili na PS4 moja. Kila mashine mpya inapotoka ninaona picha za watu wa Marekani na Japan wakiwa wamelala nje ya maduka na mablanketi yao. Kwa nini foleni kama hizo hapa kwetu hazipo? Na je, nimwombe shemeji yangu aliyeko Uingereza aniletee PS5 sasa, au nisubiri bei ishuke?
Mwenye kibanda, Majengo, Moshi

JIBU: Nzuri, mdogo wangu. Foleni hapa kwetu ipo, ila iko ndani ya kibanda chako. Watu wa kule hupanga foleni ili kuinunua mashine, na vijana wa Majengo hupanga foleni kwenye benchi ili kuichezea, kwa sababu mashine hizo hazizinduliwi kwenye maduka yetu; hufika kidogo kidogo katika mizigo ya wafanyabiashara na katika masanduku ya mashemeji, na kitu kinachofika kwa mtindo huo hakina siku wala saa ambayo mtu angeiwahi.

Hata hivyo usizionee sana wivu picha hizo. PlayStation 3 ilipoanza kuuzwa Marekani tarehe 17 Novemba 2006, kwa dola 499 na dola 599, watu walikuwa wamepiga kambi nje ya maduka kwa siku kadhaa, na wengi miongoni mwao hawakuwa na nia ya kucheza hata dakika moja: walitaka kuiuza upya siku hiyo hiyo kwa bei ya juu zaidi. Kulitokea vurugu na ujambazi katika foleni hizo. Sisi tuliokuwa watoto mwanzoni mwa miaka ya 1980, sukari na sabuni zilipoadimika, tunamfahamu vizuri mtu wa namna hiyo. Mama alikuwa akinituma alfajiri kwenye duka la ushirika niweke jiwe letu kwenye mstari, nalo jiwe liliheshimiwa kama mtu mzima, lakini daima alikuwapo bwana mmoja mwenye mawe sita. (Neno foleni lenyewe tulilipata kutokana na amri ya Kiingereza ya kuwapanga askari, ingawa sijaona askari waliosukumana kama sisi.)

Mwaka 2020 foleni hiyo ilihama. PlayStation 5 ilitoka tarehe 12 Novemba nchini Marekani na Japan, na wiki moja baadaye Ulaya, na kwa sababu ya korona Sony, kampuni inayozitengeneza, ilitangaza kwamba siku ya uzinduzi hakuna mashine itakayouzwa dukani. Kila mtu aagize kwa intaneti. Yule bwana wa mawe sita akapata programu za kompyuta zinazonunua zenyewe kwa kasi ambayo kidole cha binadamu hakiifikii, na kwa kuwa vijenzi vya kielektroniki navyo viliadimika duniani kote, mashine hiyo ilipatikana kwa shida hadi mwanzoni mwa 2023. Nintendo, kampuni nyingine ya mashine za gemu, ilijifunza kutokana na hayo. Kabla mashine yake ya Switch 2 haijatoka tarehe 5 Juni 2025, duka lake la mtandaoni nchini Japan liliendesha bahati nasibu, na aliyetaka kuingia alipaswa awe amecheza Switch ya zamani kwa angalau saa 50 na awe amelipia huduma yake ya mtandaoni kwa mwaka mzima kwa jumla. Waliojitokeza walikuwa takribani milioni 2.2. Naona sharti la saa 50 ni la busara kuliko yote niliyowahi kuyasikia kuhusu foleni, kwa sababu jiwe haliwezi kucheza gemu.

Sasa kuhusu shemeji. Ushauri wa zamani ulikuwa usubiri, maana bei ya mashine za gemu ilishuka kadiri zilivyozeeka, lakini PS5 imekwenda kinyume: Agosti 2022, karibu miaka miwili baada ya kutoka, bei yake ilipandishwa Ulaya, Uingereza, Japan na kwingineko. Kwa hiyo kusubiri kwa matumaini ya bei kushuka si hesabu ninayoweza kukuhakikishia. Kupata mashine kutoka Uingereza kuna faida, kwani umeme wa huko ni wa volti 230 kama wetu na plagi yake ya pini tatu inaingia kwenye soketi zetu. PS5 hata ikitoka Marekani inakubali kuanzia volti 100 hadi 240, lakini usije ukadanganyika ukanunua PlayStation 2 kuukuu ya Marekani, maana iliundwa kwa volti 120 na kwenye soketi ya Moshi itatoa moshi.

Mweleze shemeji jambo moja kwa herufi kubwa: alete ile yenye sehemu ya kuingiza diski. Ipo nyingine ya bei nafuu isiyo nayo, ambayo kila gemu lazima ipakuliwe, na gemu kubwa za siku hizi huzidi gigabaiti 100. Zidisha hiyo kwa bei ya kifurushi chako uone. Diski zako za PS4 karibu zote zitachezeka kwenye PS5. Za PS3 hazitachezeka, kwa hiyo mashine zako mbili za zamani usiziuze, hasa kama wateja wako bado wanagombania gemu za zamani za mpira.

SWALI: Mhariri, mwanangu wa kiume akicheza gemu na wenzake hapa nyumbani sisikii ila "chalii yangu, umekufa!", "chalii yangu, leta pedi!" Nikimwambia aseme "chalii wangu" kwa kuwa ni mtu, ananicheka. Nani mwenye haki?
Mama wa watatu, Ngarenaro, Arusha

JIBU: Dada yangu, mwanao anakushinda, na ushahidi ni hayo maneno mawili niliyokuanzia. Majina ya watu yasiyo na kiambishi cha m-wa, kama rafiki, ndugu, jirani, dada na adui, hupatanishwa kama watu katika kitenzi na kionyeshi, tukasema rafiki huyu amefika, lakini katika umiliki hubaki na sura ya i-zi: rafiki yangu, rafiki zangu. Chalii ameingia kupitia mlango huo huo. Ni "chalii huyu amenifunga mabao manne", ila ni "chalii yangu".

Ushindi wake unaishia hapo, kwa sababu kihusishi -a hakifuati mkondo huo. Tunasema rafiki wa Juma na jirani wa babu, kwa hiyo inapaswa kuwa "chalii wa Arusha", na ile "chalii ya R" inayotamkwa kwa majivuno kutoka Kijenge hadi Unga Limited haina mtetezi katika sarufi, ingawa ninakiri kwamba nikiwa mbali na nyumbani huwa ninaisema mwenyewe. Ukitaka kulipiza kisasi, mwambie alitumie neno hilo kwenye insha ya mtihani: msahihishaji atakuwa amelikata "chalii" kwa wino mwekundu kabla jicho halijafika kwenye "yangu".