Usiiache Wake in Fright, dada yangu, rudi kwenye ile kamari

Pole dada, umesema umeikatia katikati hiyo riwaya ya Kenneth Cook ya 1961 sababu yule mwalimu John Grant anakukera na huoni kwa nini asiondoke tu ule mji. Mi nakuomba usiiache. Rudi pale Bundanyabba, ule mji wa migodi wa kubuni huko bara Australia, Grant amekuja na treni alale usiku mmoja tu kesho apande ndege ya Sydney, likizo ndo imeanza, mfukoni ana mshahara wake, halafu polisi anamnunulia bia, anamaliza anaongezewa nyingine, na kukataa bia ya mtu pale ni kama kumtukana. Sasa angalia kamari ya sarafu mbili, watu wanabashiri zitaangukia upande gani, zinarushwa juu wameinua shingo, jamaa anashinda hela nyingi, anarudi chumbani, anazihesabu kitandani, ANGELALA tu basi! Ila anataka kujikomboa na ule mkataba wa kufundisha porini, anarudi, anapoteza zote. Hapo ndo kila kitu, hakuna aliyemlazimisha, na kinachomla baada ya hapo ni ukarimu, hana senti ila analishwa na kunyweshwa na watu anaowadharau moyoni mpaka anafanya wanayofanya.

Soma polepole, kidogo kidogo kila siku, na sehemu ile ya kuwinda kangaruu usiku kwa taa usiisome kabla ya kulala maana inaumiza kweli, mi ilibidi nifunge kitabu nikakaa nje kidogo. Filamu yake ya 1971 iache mpaka umalize.