Kaya ni wanaokula chungu kimoja: sensa inavyosoma maisha yetu ya Kusini

Ndugu yetu wa Nachingwea ameuliza mambo mawili katika uzi huu: kwanza, Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022 imetupa nini watu wa Kusini, yaani mikoa ya Lindi na Mtwara, zaidi ya ile namba ya watu milioni 61 iliyotangazwa, na pili, yeye anayetaka kufungua mashine ya kusaga nafaka kijijini anaweza kuitumiaje. Nitamjibu kwa yale niliyoyaona mwenyewe, kwa sababu nilikuwa karani wa sensa katika kijiji kimoja cha wilaya ya Tandahimba, na leo naishi kwa duka la vifaa vya ujenzi, kazi ambayo imenifundisha kuzisoma tena zile namba nilizozikusanya. Kiapo cha usiri nilichokula bado kinanifunga, kwa hiyo sitataja jina la mtu wala la kijiji.

Namba kubwa anaifahamu kila mtu: Tanzania nzima tulikuwa watu 61,741,120, wanawake 31,687,990 na wanaume 30,053,130. Mtwara tulikuwa 1,634,947 na Lindi 1,194,028. Kwa maoni yangu, namba hizo ndizo zenye maelezo machache kuliko zote. Uchumi wa mahali hauonekani kwenye jumla ya watu, unaonekana kwenye kaya, na kaya si neno jepesi kama linavyosikika redioni.

Siku ya pili ya kazi nilifika kwenye ua mmoja wenye nyumba tatu, mbili za udongo na moja ya matofali iliyoezekwa bati. Nilimkuta bibi ameketi mkekani akimenya mihogo, na binti zake wawili, kila mmoja na watoto wake. Nilimwamkia, akaitikia, nikamuuliza: "Bibi, hapa mko kaya ngapi?" Akasema: "Mjukuu wangu, hapa sisi ni wamoja." Kama ningeandika jibu hilo, kishikwambi kingepokea kaya moja ya watu tisa na nisingesumbuliwa na mtu. Lakini tulifundishwa kwamba kaya ni watu wanaoishi pamoja na kula pamoja, basi nikageuza macho upande wa majiko. Yalikuwa mawili: mafiga ya bibi na binti mkubwa nyuma ya nyumba ya bati, na mengine chini ya mwembe, bado yana majivu ya moto wa asubuhi. Nikauliza tena: "Na huyu wa chini ya mwembe, unga wake anachota kwenu?" Bibi akacheka, akasema: "Huyu ana chungu chake tangu alipoachana na mumewe." Zilikuwa kaya mbili, na binti wa chini ya mwembe, pengine mwenye miaka 27, ndiye aliyekuwa mkuu wa kaya ya pili.

Hadithi hiyo naiona nyuma ya namba moja ambayo wengi huiruka. Katika sensa ya mwaka 2012, wastani wa watu kwa kaya nchini ulikuwa 4.7, lakini Mtwara ulikuwa 3.7 na Lindi 3.8. Kitaifa wastani huo ulishuka hadi 4.3 mwaka 2022. Kaya zetu ni ndogo, na sababu zake ziko kwenye maisha tunayoyajua: uzazi wa Kusini uko chini kuliko wa mikoa ya Kanda ya Ziwa, ndoa zinavunjika, na kwa Wamakonde, Wamakua na Wayao, ambao kwa asili hufuata ukoo wa upande wa mama, mwanamke aliyeachika ana pa kurudi, anapewa mahali pa kujenga kwao, na anaanzisha chungu chake. Aliye mbali na Kusini anaweza kudhani kaya ndogo ni dalili ya maisha ya mjini. Hapa kwetu, mara nyingi ni dalili ya mama mmoja na watoto wawili.

Kwangu mimi mfanyabiashara, tofauti hiyo ni fedha. Watu 1,000 wakiishi watano watano kasoro kidogo, kwa wastani ule wa 4.7, ni kaya kama 213. Watu hao hao kwa wastani wa 3.7 ni kaya 270. Hizo 57 zilizozidi zinahitaji paa lake kila moja, mlango wake, kufuli yake, ndoo zake na sufuria zake. Nilipofungua duka niliagiza mzigo kwa kukisia ukubwa wa kijiji, nikanunua bati nyingi na vitu vidogo vichache. Bati zilikaa, kwa sababu kaya ndogo inajenga nyumba ndogo na inajenga polepole, huku makufuli, bawaba na misumari vikiisha kabla ya mwezi kwisha. Niliposoma takwimu za kaya za mkoa ndipo nilipoelewa kwa nini.

Jambo la wanawake linahitaji kutazamwa kwa makini zaidi. Mwaka 2012 Mtwara ilikuwa na wanawake 671,206 na wanaume 599,648, yaani kwa kila wanawake 100 wanaume hawakufika 90, wakati kitaifa walikuwa kama 95. Vijana wetu wanakwenda Dar es Salaam, wanakwenda machimboni, wengine wanafuata samaki pwani. Anayebaki na shamba, watoto na wazee ni mama. Hata hivyo nilipouliza mkuu wa kaya ni nani, mara nyingi nilitajiwa mwanamume ambaye hajalala hapo kwa mwaka mzima. Mama mmoja alimtaja mumewe bila kusita, na nilipomuuliza alilala wapi usiku wa kuamkia tarehe 23 Agosti, alinijibu kwa upole: "Yuko Dar, mwanangu, lakini nyumba ni yake." Sikutaka kumvunjia heshima. Nilimweleza kwamba sensa inahesabu waliolala hapo usiku ule, na kwamba mumewe atahesabiwa huko alikolala. Nikamwandika yeye. Ndiyo maana nasikitika nikisikia mradi wa kilimo umewaita "wakulima" mkutanoni, na waliokuja ni wazee wa kiume peke yao, ilhali takwimu za mkoa wenyewe zinaonyesha nani yuko kijijini na nani hayupo.

Umri nao una mambo yake. Vijana wana vyeti, lakini wazee wengi hawana, na jibu la kawaida ni umri unaoishia na sifuri au tano: sitini, sabini, themanini. Tulisaidiwa na matukio yanayojulikana, kama uhuru wa mwaka 1961, kuhamia vijijini katikati ya miaka ya 1970, na vita vya Kagera. Yule bibi wa mihogo, binti yake alitaka niandike miaka 80. Bibi mwenyewe akamkatiza: "Mimi nilichezwa mwaka ule wa uhuru." Msichana aliyepita unyagoni mwaka 1961 pengine alikuwa na miaka 11 hadi 13, kwa hiyo mwaka 2022 alikuwa na miaka kama 73, wala hakuwa na 80. Miaka saba inaweza kuonekana kitu kidogo, lakini idadi ya wazee ndiyo msingi wa kupanga matibabu yao, na idadi ya watoto wa miaka mitano na sita ndiyo inayotoa hesabu ya madawati ya darasa la kwanza mwaka unaofuata.

Sasa niingie kwenye sehemu ninayoipenda kuliko zote, yaani maswali ya makazi. Sensa haikuulizi unapata shilingi ngapi kwa mwaka. Inakuuliza paa lako limeezekwa kwa nini, sakafu ni ya nini, maji ya kunywa unayatoa wapi, unapikia nini, una simu, una redio, una baiskeli. Wapo waliolalamika kuwa maswali ni mengi, lakini mkulima wa korosho ukimuuliza kipato chake hatakujibu kwa uhakika, kwa sababu hata yeye hajui mnada ujao utasema nini. Bati lake halina utata. Limeshapigwa misumari.

Kwenye Uwanda wa Juu wa Makonde, huku Newala na Tandahimba, bati lina maana ambayo mtu wa mkoa mwingine hataiona kwenye jedwali. Huku juu mito hakuna, na maji ya ardhini yako mbali sana. Mvua ikinyesha, mwenye nyumba ya bati anaikinga kwa gata, yaani mfereji wa ukingoni mwa paa, anaingiza maji kwenye kisima alichokichimba na kukisakafia kwa saruji pembeni ya nyumba, na anaweza kunywa maji hayo miezi kadhaa baada ya mvua kukatika. Mwenye nyumba ya nyasi hana cha kukinga, kwa hiyo anafuata maji bondeni au ananunua kwa ndoo. Kwa hiyo jedwali la paa na jedwali la maji, ambayo ripoti huyaweka kurasa tofauti, kwetu ni habari moja inayoanzia kwenye mkorosho: msimu mzuri wa korosho unaleta bati, bati linaleta maji, na maji yanampunguzia mama mwendo wa saa kadhaa ambazo angezitumia shambani. Nimeshuhudia kaya iliyouza vizuri ikanunua bati 20 na gata kabla ya kununua kitanda, na sikuhitaji kuuliza sababu.

Habari ya nishati ya kupikia inaumiza kidogo. Mkoa wetu unatoa gesi asilia Mnazi Bay, inasafishwa Madimba, na bomba la kwenda Dar es Salaam lipo tangu mwaka 2015, lakini katika kijiji changu chote niliandika kuni nyumba baada ya nyumba, na mkaa kwa wachache wenye uwezo. Hakuna aliyenishangaza kwa jibu tofauti isipokuwa mwalimu mmoja mwenye mtungi wa gesi. Ninaposikia kwamba Mtwara ni mkoa wa gesi, nakumbuka siku hizo za Agosti na moshi wa yale mafiga chini ya mwembe.

Kuna jambo la majira ambalo msomaji wa takwimu za Kusini asilisahau. Sensa zetu zimekuwa zikifanyika mwezi Agosti. Kwetu Agosti ufuta umeshauzwa, mikorosho imepuliziwa dawa na inachanua, na minada ya korosho ni ya kuanzia Oktoba. Watu wa kwetu walioko Dar es Salaam wanarudi kuokota na kuuza mwezi wa kumi, wa kumi na moja hadi wa kumi na mbili, na pikipiki mpya barabarani zinaonekana wakati huo. Aliyehesabiwa Agosti akiwa Mbagala, Novemba yuko Tandahimba na gunia lake kwenye ghala la chama cha msingi cha ushirika. Namba ya Agosti ni ya kweli, lakini ni ya Kusini iliyo katika subira, kabla ya fedha kuingia.

Kuhusu Lindi, ambako ndugu yetu anaishi, kuna badiliko ambalo sijaona likizungumzwa vya kutosha. Kati ya 2002 na 2012 Lindi ilikua kwa asilimia 0.9 tu kwa mwaka, miongoni mwa mikoa iliyokua polepole kabisa nchini. Kati ya 2012 na 2022 ilitoka watu 864,652 hadi 1,194,028, sawa na asilimia kama 3.2 kwa mwaka, kasi ile ile ya taifa zima na zaidi ya ile ya Dar es Salaam yenyewe, iliyokuwa kama asilimia 2.1. Kusema ni uzazi peke yake hakutoshi, kwa kuwa uzazi wa Kusini ni mdogo. Watu wamehamia. Wafugaji walianza kuingia Kilwa na Liwale baada ya kuondolewa bonde la Usangu na Ihefu mnamo 2006 na 2007, na wakulima wamefuata ardhi ya ufuta na mbaazi. Nafasi bado ipo, maana Lindi ina wastani wa watu 18 tu kwa kilomita ya mraba, lakini migogoro ya ng'ombe na mashamba tunayoisikia inaanzia kwenye namba hizi hizi.

Nimalizie na mashine yako, ndugu yangu. Achana na idadi ya watu wa wilaya. Idadi ya watu ilichapishwa hadi ngazi ya kata, basi anza na kata yako, kisha nenda kwa afisa mipango wa halmashauri ukaombe idadi ya kaya, na kwa mtendaji wa kijiji ujue mgawanyo wa vitongoji. Uliza kaya ngapi, kwa sababu kila chungu kinasaga unga wake. Uliza nguzo za umeme zimefika kitongoji gani, maana mashine ya dizeli na ya umeme hazina gharama moja. Halafu simama barabarani asubuhi moja ya Februari, mahindi mapya yakiwa hayajakomaa, uhesabu akina mama waliobeba madebe ya makopa, yaani mihogo mikavu, na umbali wanaotoka. Kazi hiyo sensa haikukufanyia, na haitakuchukua zaidi ya siku mbili.